Kichaka Anachokijua Mchunga Mbuzi

Haya wajukuu, sogeeni karibu, na wewe wa nyuma uache kumchokoza mwenzako. Leo sungura amepumzika, na fisi amelala na njaa yake. Nataka kuwasimulia habari za kichaka.

Msininunie kwanza. Kichaka chenyewe kina miiba inayotoboa kandambili. Kina matunda yanayompotezea mchungaji mbuzi wake. Kina binamu aliyeangusha tembo, na kina ndugu wawili walioingizwa mashambani wakatunzwa, wakati chenyewe kimeachwa kando ya njia mpaka leo. Mambo ya namna hii yakiwapata watu mnaketi kusikiliza hadi usiku wa manane. Basi yamekipata kichaka.

Aliyewahi kuchunga mbuzi anakijua tayari. Wakamba na Wakikuyu hukiita mukawa. Wamaasai husema olamuriaki, Wajaluo ochuoga, Wakipsigis legetetuet, Waturkana ekamuria. Ukivuka mpaka hadi Buganda utasikia muyonza, na Ethiopia huitwa agam. Mimi nitasema mukawa, maana ndilo jina lililo jepesi mdomoni mwangu. Wataalamu wa mimea, wasiokubali kushindwa kwa majina, hukiita Carissa spinarum, na zamani walikuwa wakikiita Carissa edulis.

Ni kichaka cha kimo cha mtu mzima, ila kikipata mti wa kuegemea huweza kufika mita 5. Majani yake hutoka mawili mawili, yakitazamana. Ni ya kijani kilichokolea, magumu kidogo, na yanang'aa. Vunja kijiti utaona utomvu mweupe ukichuruzika. Miiba imenyooka, na mingine hufika sentimita 5, kwa hiyo usiparamie. Maua yake ni madogo, meupe kwa ndani na ya waridi kwa nje, na hunukia kiasi kwamba mtu wa pwani akipita hapo amefumba macho angedhani amefika penye asumini.

Kisha tunda. Ni dogo, lina upana wa sentimita moja hivi, huanza likiwa kijani, likawa jekundu, mwisho likawa zambarau inayokaribia weusi. Ndani mna mbegu 2 hadi 4. Ukilila bichi, utomvu wake utakunata midomoni mpaka ujute. Likiiva huachia lenyewe ukiligusa, na utamu wake una uchachu kidogo kwa nyuma. Tena halifichiki, kwa sababu hupaka ulimi rangi. Mtoto aliyetumwa kuni akachelewa hana haja ya kuulizwa alikuwa wapi.

Kichaka hiki hakichagui sana. Hukipata kwenye nyika kavu za Ukambani na Umaasaini, hukipata pembezoni mwa misitu ya nyanda za juu, na hukipata penye mawe ambapo jembe limekata tamaa. Kimeenea Afrika kuanzia Senegali hadi Afrika Kusini, kikavuka Bahari ya Shamu hadi milima ya Yemen na Dhofar huko Oman, kikaenda India na kufika hata Australia.

Huko Yemen ndiko kilikokutana na kijana mmoja mwenye bahati mbaya. Aliitwa Peter Forsskål, mzaliwa wa Helsinki, mwanafunzi wa bwana Linnaeus yule aliyewafundisha Wazungu kuipa mimea majina mawili mawili. Mfalme wa Denmark alituma msafara Uarabuni mwaka 1761, na Forsskål akaenda kama mtu wa mimea. Alikusanya, akakausha, akaandika. Mwaka 1763 malaria ikamuua hukohuko Yemen, akiwa na miaka 31. Wenzake nao wakafa mmoja baada ya mwingine, akabaki Carsten Niebuhr peke yake. Niebuhr ndiye aliyebeba maandishi ya rafiki yake na kuyachapisha mwaka 1775, na humo ndani kichaka chetu kimo, kwa jina Antura. Wataalamu walichukua zaidi ya miaka 200 kukubaliana kwamba kile cha Yemen na Afrika na kile cha India ni mmea mmoja. Mapitio ya mwaka 2001 ndiyo yaliyoviweka chini ya jina moja.

Sasa yule binamu.

Hapa naomba mtulie, hata wewe uliyekuwa unachokoza. Mukawa ni wa ukoo ambao watu wake wengi wana sumu. Mwoleanda ule wa maua mazuri unaopandwa mbele ya hoteli ni wa ukoo huo, na usithubutu hata kuutafuna jani. Lakini binamu anayefanana zaidi na mukawa ni msunguti, ule mti wa sumu ya mishale. Majani yake nayo hukaa mawili mawili, nayo ni magumu na yanang'aa. Maua yake nayo ni meupe yenye wekundu, tena yananukia. Matunda yake nayo huiva zambarau. Na huota palepale mukawa unapoota, wakati mwingine matawi yao yakigusana.

Wawindaji wa Kiwaata waliokuwa wakiwinda tembo kule Tsavo walitegemea mti huo, na Wakamba wanaijua sumu yake kwa jina la ivai. Walikata vipande vya mti wakavichemsha kwa saa nyingi mpaka maji yakawa kitu cheusi, kizito, cha kupaka kwenye ncha ya mshale. Sumu yenyewe hukamata moyo. Mshale mmoja ukiingia vizuri, tembo huanguka.

Yuko hata panya anayeijua siri hiyo. Ni panya mkubwa, mwenye manyoya marefu, anayeishi Afrika Mashariki. Mwaka 2011 Jonathan Kingdon na wenzake walieleza jinsi anavyotafuna gamba la msunguti kisha akajipaka mate yake yenye sumu kwenye mstari wa manyoya ya ubavuni. Manyoya hayo yana matundu, yameumbwa kunyonya. Mbwa akimng'ata, mbwa ndiye anayeumia, na wengine hufa. Panya mwenyewe hana habari.

Tofauti mnayoweza kuiona kwa macho ni moja kubwa: mukawa una miiba, msunguti hauna. Kwa hiyo ukikuta tunda la zambarau kwenye kichaka cha majani yanayong'aa, na huoni mwiba, ondoa mkono. Na msigeuze maneno yangu mkasema babu kasema kila chenye mwiba kinaliwa. Sikusema hivyo. Porini vipo vingi vyenye mwiba na sumu pamoja. Mara ya kwanza, mtu mzima anayeujua mukawa akuonyeshe kwa kidole, na yeye ale kwanza.

Mnauliza, kwa nini basi tujisumbue na kichaka chenye ndugu wabaya hivyo? Kwa sababu ya yaliyomo ndani ya tunda.

Mukawa wenyewe umepimwa mara nyingi, na vipimo hutofautiana kichaka kwa kichaka, udongo kwa udongo, kama inavyotokea kwa tunda lolote la porini. Lakini una dada Afrika Kusini, Carissa macrocarpa, mwenye matunda makubwa mekundu, na huyo ameingizwa kwenye majedwali rasmi ya chakula ya Marekani. Gramu 100 za tunda lake zina miligramu 38 za vitamini C. Chungwa lina kama 53. Ndizi mbivu ina 9 hivi, na tufaha lile linalouzwa bei ya juu likiwa limefungwa kwenye karatasi halifiki hata 5. Mtoto wa miaka 9 hadi 13, kwa viwango vya Marekani, anatakiwa apate miligramu 45 kwa siku. Kwa hiyo dada huyo si mtu wa kudharauliwa.

Vitamini C ikikosekana mwilini kwa muda mrefu, mtu hupatwa na kiseyeye. Tuna kumbukumbu ya ugonjwa huo hapahapa pwani yetu. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipita Mombasa na Malindi, akaenda India. Kurudi, upepo ulimkataa. Walikaa baharini karibu miezi mitatu wakila vyakula vikavu. Fizi za mabaharia zilivimba mpaka zikafunika meno, miguu ikavimba, na watu 30 wakafa njiani. Walipotia nanga Malindi mwezi Januari 1499, mmoja wao alitumwa nchi kavu haraka akawatafutie wagonjwa machungwa. Hakuna aliyejua wakati ule machungwa yana nini. Walijua tu kwamba mgonjwa anayatamani. Mabaharia waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu zote, hivyo moja ikachomwa moto baada ya kuondoka Malindi.

Mwili huitumia vitamini hiyo kutengeneza nyuzi zinazoshikilia ngozi, fizi na mishipa. Ukiikosa, mwili huanza kufumuka kwenye mishono yake.

Kuna jambo la pili, na hili nalipenda zaidi kwa sababu linahusu sahani ya maharage. Tunda la yule dada lina miligramu 1.3 za madini ya chuma katika gramu 100. Chungwa lina 0.1 tu. Chuma ndicho kinachoiwezesha damu kubeba hewa safi. Msichana akishavunja ungo anakihitaji zaidi ya kaka yake, na asipokipata anakuwa mchovu, mwenye kizunguzungu, na darasani anasinzia huku watu wakimwita mvivu. Chuma cha nyama huingia mwilini kwa urahisi. Chuma cha maharage, kunde na mchicha kina ukaidi, kingi hupita tu kikaenda zake. Vitamini C ikikutana nacho tumboni hukilainisha, kikaingia. Lakini lazima vikutane katika mlo uleule. Mchungaji aliyekula mukawa saa nne asubuhi na maharage saa mbili usiku hajavikutanisha. Na chai ya rangi inayonywewa pamoja na maharage hufanya kinyume, hukizuia chuma. Nimewaona watu wazima wenye elimu yao wakishushia githeri, yale mahindi na maharage, kwa chai nzito, nikanyamaza tu kwa sababu walikuwa wageni wangu.

Halafu kuna ile rangi inayowasaliti. Inatokana na vitu viitwavyo anthosayanini, ndivyo hivyohivyo vinavyolipa tunda la zambarau rangi yake. Wataalamu wanavifuatilia kwa hamu, na wauzaji wa dawa za chupa wanavifuatilia kwa hamu kubwa zaidi. Nyinyi vileni kwenye tunda.

Na mizizi? Wamaasai huchemsha mizizi ya olamuriaki katika supu ya nyama, na jamii nyingine nyingi zina matumizi yake. Mwaka 2006 watafiti wa Kenya walichapisha kazi yao: dondoo la gamba la mzizi wa mukawa lilivizuia virusi vya malengelenge, kwenye seli za maabara na kwenye panya. Ni habari njema, lakini panya wa maabara si mjomba wako, na kutoka kwa panya hadi dawa ya hospitali safari ni ndefu. Ninachowaomba ni hiki: anayechimba mzizi asiumalize. Kichaka kilichong'olewa mzizi hakizai tena.

Basi mtauliza, tunda tamu, lenye faida, linaloota penye mawe na ukame, mbona halipo sokoni kama nyanya? Penye miti hakuna wajenzi. Sababu ziko nyingi na baadhi ni za kweli kabisa. Miiba humchoma mchumaji. Matunda hayaivi siku moja. Tawi moja lina bivu, jekundu na bichi kwa pamoja. Yakiiva ni laini na hayastahimili safari ya matatu.

Kubwa kuliko zote ni udogo wake. Hebu tupige hesabu. Tunda la sentimita moja lina uzito wa nusu gramu au zaidi kidogo. Ili upate gramu 100 unahitaji matunda kama 150 hadi 200, na kila moja ulitoe katikati ya miiba. Mkulima gani atamlipa mtu kwa kazi hiyo?

Lakini iko sababu nyingine ambayo mimi naiona ndiyo mzizi wa mambo, nayo haimo kwenye kichaka. Imo vichwani mwetu watu wazima. Tulishaamua kwamba mukawa ni chakula cha watoto wanaochunga. Mtu akishanunua viatu vya ngozi haonekani tena amesimama kichakani akichuma. Tunda likishaitwa la watoto, hakuna bwana shamba anayeulizwa habari zake, na asiyeulizwa hajibu.

Wapo waliouliza, tuwape haki yao. Mwaka 1999 Patrick Maundu, Grace Ngugi na Christine Kabuye walitoa kitabu kikubwa cha mimea ya asili inayoliwa Kenya, na mukawa umo. Mwaka 2008 Marekani kilitoka kitabu kuhusu matunda ya Afrika yaliyosahauliwa, na humo ukoo wa Carissa ulipewa sura yake nzima. Kule India, ndugu mwingine, Carissa carandas, ambaye watu humfanyia achari tangu zamani, amechaguliwa na kuboreshwa na chuo cha kilimo cha Pantnagar mpaka akapata aina zenye majina: Pant Manohar, Pant Sudarshan, Pant Suvarna. Dada wa Afrika Kusini anapandwa ua mbele ya nyumba za watu hadi Florida na California. Wa kwetu hana aina hata moja mkulima anayoweza kwenda dukani akaitaja.

Sasa niwapeleke mbali kidogo, Marekani, jimbo la New Jersey, miaka zaidi ya 100 iliyopita. Mmewahi kuona vile vitunda vya buluu viitwavyo blueberry, vinavyouzwa kwenye vikopo vidogo kwa bei ya kushtua? Siku hizi kuna mashamba yake hata Kenya, yanauza Ulaya. Watu hudhani vilizaliwa shambani. Mwaka 1911 vilikuwa porini, kwenye udongo mchanga mbaya ambao wakulima waliukimbia, na wachumaji wake walikuwa watu maskini wa msituni. Hakuna aliyeweza kuvilima. Ukivihamisha, vinakufa.

Mtaalamu mmoja wa serikali, Frederick Coville, alikuwa amegundua kwa nini vinakufa: vinataka udongo wenye asidi, na watu walikuwa wakivipanda kwenye udongo mzuri uliotiwa mbolea. Aliandika kijitabu mwaka 1910. Kikasomwa na Elizabeth White, binti wa mkulima wa Whitesbog, naye akamwandikia: njoo ufanyie kazi yako kwetu, tuna ardhi, na mimi nitakutafutia vichaka.

Na alivitafuta vipi? Hakwenda na darubini. Aliwaendea wale wachumaji, kwa sababu wao ndio waliokuwa wakitembea porini kila msimu na walijua kichaka kipi kinazaa matunda makubwa. Aliwapa kipimo chenye tundu la milimita 16 hivi. Akasema: tunda lisilopita kwenye tundu hili ndilo ninalolitaka, nionyeshe kichaka chake nami nitakulipa. Kila kichaka kizuri alikipa jina la aliyekipata. Mchumaji mmoja aliitwa Rube Leek. Jina Rube halikufaa kwa tunda, na Leek ni jina la mboga, basi wakaunganisha Rube na ile herufi ya L, kikawa Rubel. Coville akavichukua vichaka hivyo, akavichanganya chavua, akachagua watoto waliozidi wazazi wao. Mwaka 1916 waliuza mavuno ya kwanza ya shambani. Na ile aina ya Rubel, iliyotolewa porini jinsi ilivyo, inalimwa mpaka leo.

Wajukuu, mukawa umesimama palepale blueberry iliposimama mwaka 1911. Na hapa kijijini, nani anayejua kichaka kipi kina matunda makubwa? Mwalimu? Chifu? Mimi mwenyewe magoti yameshakataa kupanda mlima. Mnaojua ni nyinyi. Yuko mtoto hapa, simtaji, ana kichaka chake nyuma ya kilima na hamwonyeshi mtu.

Kichaka cha kufaa mnakitambuaje? Ukubwa ni jambo la kwanza, na kipimo mnaweza kujitengenezea: toboeni kipande cha boksi gumu tundu la sentimita moja na nusu, mwone kama kuna tunda litakalokwama. Angalieni pia mbegu. Tunda lenye mbegu 2 lina nyama zaidi ya lenye 4. Onjeni matunda ya upande wa jua na ya upande wa kivuli, msije mkakisingizia kichaka utamu ambao ni wa jua tu. Tazameni mwaka wa mvua chache: kilichozaa mwaka huo kina thamani kuliko kinachozaa wakati kila kitu kinazaa. Kichaka chenye miiba michache nacho kiandikeni, mchumaji atawashukuru, ila hicho mkikague mara mbili, mjue kweli si msunguti.

Kisha kupanda. Njia ya kwanza ni mbegu. Chukueni matunda yaliyoiva sawasawa, mnapokula msimeze mbegu. Zisugueni kwenye maji mpaka ute utoke, zikaushwe kivulini, zipandwe zikiwa bado mpya. Msiziweke kwenye chupa juu ya kabati mkingoja mwaka ujao. Zinaota kitaluni, au moja kwa moja kwenye viriba vyenye udongo uliochanganywa na mchanga na samadi kidogo iliyooza. Mmwagilie bila kuzigharikisha. Miche huhamishwa mvua zinapoanza.

Mbegu zina jambo lake, hata hivyo. Kila mbegu ni mtoto wa wazazi wawili, na mtoto si lazima afanane na mama. Mnaweza kupanda mbegu za kichaka kitamu kuliko vyote mkapata watoto wachachu. Ndiyo maana wakulima wa matunda hupenda njia ya pili, ya kuchukua kipande cha mti wenyewe. Vipandikizi vya mukawa hukawia kutoa mizizi na vingi hukauka, basi jaribuni kulaza tawi: chagueni tawi la chini linalopindika, lichunweni gamba kidogo upande wa chini, mlizike katikati kwa udongo huku ncha ikitokeza nje, mliwekee jiwe juu lisiinuke, na mlinyweshe. Likishatoa mizizi yake, likateni kutoka kwa mama mlihamishe. Mmea huo ni kichaka kilekile, mahali pengine.

Msitegemee mavuno ya haraka. Mukawa hukua polepole, na asiye na subira apande mchicha. Lakini wakati mnasubiri matunda, mna ua. Pandeni mstari, mche hadi mche nusu mita, na vichaka vitashikana miiba mpaka kuku asipite, sembuse mwizi. Boma la miiba iliyokatwa huoza, na kila mwaka mtu anarudi kukata miti mingine. Hili liko hai, na likikatwa huchipua. Nyuki hulifuata wakati wa maua. Matunda yake, ambayo mchumaji wa shamba kubwa angeyalalamikia kwa kutoiva siku moja, nyumbani ni faida, kwa sababu watoto hupata machache kila siku kwa majuma kadhaa. Yakizidi, bibi yenu anajua kuyachemsha na sukari, akayachuja mbegu, yakawa jamu ya kupaka mkate. Moto utapunguza vitamini C, kwa hiyo yasiyopikwa nayo yasikose. Pandeni zaidi ya kichaka kimoja, na ikiwezekana vitoke sehemu mbalimbali, ili chavua isikose pa kwenda.

Adui wenu wa kwanza atakuwa mbuzi walewale mnaowachunga. Miiba ya mche mchanga bado ni laini, na majani yake mbuzi huyapenda. Ngamia nao vivyo hivyo, kwa walio nao. Mzungushie kila mche matawi makavu ya miiba, mmfunge yule beberu mwenye tabia ya kuruka, na palizi msiisahau msimu wa kwanza, maana nyasi huunyang'anya mche maji kabla haujashusha mizizi yake chini.